Uthibitishaji wa utambulisho katika kengele za wafanyakazi wa peke yao

Uthibitishaji wa utambulisho katika kengele za wafanyakazi wa peke yao ni jumla ya njia zinazotumika kuhakikisha kwamba mtu anayebeba, anayejibu au anayezima kengele ya usalama ndiye yule aliyekabidhiwa kengele hiyo. Njia hizo ni pamoja na namba ya siri, neno la siri la mdomo, kadi, alama za vidole, utambuzi wa uso na utambuzi wa sauti.

Uchaguzi wa njia unagusa maisha ya mtu moja kwa moja. Njia iliyo dhaifu humwezesha mshambuliaji kuzima kengele na kufanya tukio lionekane limekwisha salama. Njia iliyo ngumu mno humchelewesha mfanyakazi anayehitaji msaada, au humchosha hadi akakiacha kifaa ofisini. Kwa hiyo kanuni ya msingi ni kwamba kuomba msaada kusihitaji uthibitisho wowote, lakini kuzima kengele kuhitaji uthibitisho.

Mfanyakazi wa peke yake

Mamlaka ya Afya na Usalama ya Uingereza humweleza mfanyakazi wa peke yake kuwa ni mtu anayefanya kazi mwenyewe bila kusimamiwa kwa karibu au moja kwa moja. Miongoni mwao wamo walinzi wa usiku, wauguzi wanaotembelea wagonjwa majumbani, maofisa wa ustawi wa jamii, mafundi wa umeme na minara ya simu, wasoma mita, wahudumu wa vituo vya mafuta, wasafisha vyumba vya hoteli, madereva na wakulima.

Hatari zao ni za aina mbili. Ya kwanza ni ajali au ugonjwa wa ghafla: kuanguka, kupigwa na umeme, kuvuta hewa yenye sumu au kupoteza fahamu. Ya pili ni kushambuliwa na mtu. Tofauti hii ni muhimu katika suala la uthibitishaji. Katika ajali hakuna adui anayetaka kuzima kengele. Tatizo ni kwamba mhusika huenda asiweze kubonyeza wala kusema kitu. Katika shambulio yuko mtu mwingine karibu na kifaa, naye ana sababu ya kukinyamazisha.

Historia

Katika karne ya 19 viwanda na maghala ya Ulaya na Marekani vilianza kutumia saa za walinzi. Mlinzi alibeba saa hiyo katika doria, na katika kila kituo alikuta ufunguo uliofungwa kwa mnyororo. Alipouzungusha ndani ya saa, alama na muda vilibaki kwenye karatasi. Chombo hicho kilithibitisha kwamba saa ilifika mahali fulani, lakini hakikuthibitisha nani aliibeba. Udhaifu huo bado upo katika vifaa vingi vya kisasa.

Katika treni kulitumika kishikio ambacho dereva alipaswa kukibana muda wote. Akikiachia kwa sababu ya kuzimia au kufa, breki hujifunga. Kengele za leo zinazolia mbebaji asipojongea zinafuata wazo hilohilo.

Tarehe 28 Julai 1986 Suzy Lamplugh, mfanyakazi wa wakala wa nyumba jijini London mwenye umri wa miaka 25, alitoka ofisini kwenda kumwonyesha mteja nyumba katika eneo la Fulham. Katika shajara yake aliandika jina la mteja kuwa "Mr Kipper". Hakuonekana tena, na mtu mwenye jina hilo hakupatikana. Mwaka huohuo wazazi wake walianzisha shirika la hisani, Suzy Lamplugh Trust, linalotoa mafunzo ya usalama wa watu binafsi na wa wafanyakazi wa peke yao.

Huko British Columbia, Kanada, Grant De Patie, mhudumu wa kituo cha mafuta katika mji wa Maple Ridge, aliuawa usiku mwaka 2005 alipojaribu kumzuia dereva aliyekuwa akiondoka bila kulipa. Kifo chake kilisababisha kanuni zinazojulikana kama Sheria ya Grant, zilizoanza kutumika mwaka 2008. Zilitaka mafuta yalipiwe kabla ya kujazwa na ziliweka masharti ya kuwalinda wanaofanya kazi peke yao usiku.

Mwaka 2009 Uingereza ilitoa kiwango cha BS 8484 kuhusu huduma za vifaa vya wafanyakazi wa peke yao. Kiwango hicho kimefanyiwa marekebisho mara kadhaa, likiwemo toleo la 2022. Nchini Marekani, wapigakura wa Seattle mwaka 2016 na halmashauri ya Chicago mwaka 2017 walipitisha sheria zinazowalazimu wenye hoteli kuwapa vitufe vya dharura wahudumu wanaofanya kazi peke yao katika vyumba vya wageni.

Jinsi kengele inavyofanya kazi

Kengele inaweza kuwa kifaa maalumu kinachovaliwa shingoni au mkandani, kadi ya kitambulisho yenye kitufe, redio ya mkononi au programu ndani ya simu. Kwa kawaida huwashwa kwa njia tatu:

- mfanyakazi anabonyeza kitufe;
- kifaa kinahisi kwamba mbebaji ameanguka au hajajongea kwa muda uliowekwa;
- mfanyakazi anapitisha saa aliyopaswa kuripoti kwamba yu salama.

Taarifa husafiri kwa mtandao wa simu, kwa redio au kwa setilaiti hadi kwa msimamizi au kituo cha uangalizi. Mhudumu wa kituo huona jina la mbebaji, mahali alipo kwa GPS na maelezo aliyoacha kabla ya kuingia kazini. Katika vifaa vingi mhudumu anaweza pia kusikiliza kinachoendelea. Baada ya kupima hali, anaita msaada au anaifunga kengele.

Nchini Uingereza polisi huitikia kwa kipaumbele kengele zinazofikishwa kwao na vituo vilivyosajiliwa na kupewa namba maalumu, baada ya mhudumu kuthibitisha kwamba tukio ni la kweli. Utaratibu huo unalenga kupunguza kengele za uongo.

Hatua zinazohusu utambulisho

Utambulisho unaweza kuulizwa katika hatua tano, na kila moja ina mahitaji yake.

1. Kukabidhiwa kifaa mwanzoni mwa zamu. Hapa kunahitajika uthibitisho thabiti, na muda upo. Watu wawili wakibadilishana vifaa bila kuandikisha, waokoaji watatafuta mtu mwingine, watapiga simu kwa familia nyingine na watasoma maelezo ya afya yasiyomhusu majeruhi.
2. Kuwasha kengele. Hapa hakutakiwi uthibitisho. Mtu mwenye damu mkononi au aliyebanwa ukutani hawezi kuandika namba. Hata mpita njia akibonyeza kitufe kwa niaba ya mfanyakazi aliyezimia, kengele inapaswa kufanya kazi.
3. Kuripoti usalama. Kunatosha uthibitisho mwepesi, kwa kuwa kitendo hiki hurudiwa mara nyingi katika zamu moja.
4. Kuzima kengele. Hapa ndipo panapohitaji uthibitisho imara kuliko pengine pote, pamoja na njia ya kueleza kwa siri kwamba mtu analazimishwa.
5. Kufika kwa msaada. Mfanyakazi naye anahitaji kujua kwamba aliyebisha hodi ni mwokoaji wa kweli. Kituo kinaweza kumtajia mapema neno ambalo mwokoaji atalisema mlangoni.

Uthibitisho ukishindikana katika hatua ya nne, kengele hubaki wazi na msaada huendelea kutumwa. Mfumo unaoifunga kengele kwa sababu mtu amekosea namba mara tatu unakwenda kinyume cha kusudi lake.

Njia za uthibitishaji

Namba ya siri

Namba ya siri ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000. Mtu anayebahatisha mara tatu ana nafasi 3 kati ya 10,000 za kuipata, isipokuwa mwenyewe ametumia mwaka wa kuzaliwa au 1234. Faida zake ni urahisi, gharama ndogo na kufanya kazi bila mtandao iwapo namba inahakikiwa ndani ya kifaa. Udhaifu wake ni kwamba inaweza kuchunguliwa, kugawiwa kwa mwenzi wa kazi au kusahauliwa wakati wa hofu. Pia ni vigumu kuibonyeza kwa glavu au gizani.

Neno la siri la mdomo

Mhudumu wa kituo hupiga simu na kuuliza neno lililokubaliwa. Njia hii humpa mhudumu nafasi ya kusikia sauti, pumzi na kelele za nyuma, mambo ambayo mashine haiyaulizi. Inahitaji mhudumu aliyefunzwa na lugha wanayoielewa wote wawili. Neno likitumika kwa miaka bila kubadilishwa, hata wafanyakazi walioacha kazi hubaki wakilijua.

Kadi na vitambulisho vya kielektroniki

Kadi au kibonge chenye namba ya redio husogezwa kwenye kifaa. Huchukua sekunde moja na haihitaji kukumbuka kitu, hivyo inafaa sana wakati wa kukabidhi vifaa. Lakini inathibitisha uwepo wa kadi tu. Aliyempora mfanyakazi begi ana kifaa na kadi pamoja.

Namba ya simu

Katika mifumo midogo, namba inayopiga ndiyo kitambulisho. Inafaa kwa simu za kawaida zisizo na programu. Hatari yake ni simu kuazimwa, kuibwa, au laini kuhamishiwa kadi nyingine kwa udanganyifu.

Alama za vidole

Alama za vidole hazisahauliki wala haziazimwi. Hata hivyo, vidole vya mafundi ujenzi, wakulima na watu wa saruji huchakaa, na umri hupunguza ubora wa alama. Jasho, vumbi, mafuta na glavu huongeza kukataliwa. Zaidi ya hayo, kidole kinaweza kushikwa na kubandikwa kwa nguvu, hata mwenyewe akiwa amezimia. Baadhi ya mifumo husajili kidole cha pili ambacho, kikitumika, hutuma ishara ya siri ya kulazimishwa.

Utambuzi wa uso

Uso husomwa na kamera ya simu bila kugusa. Giza, kofia ngumu, barakoa na mvua huuvuruga. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha uchunguzi wa programu nyingi za utambuzi wa uso. Katika programu nyingi zilizopimwa, makosa ya kumdhania mtu kuwa mwingine yalikuwa mengi zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia ya Mashariki kuliko kwa watu wa Ulaya ya Mashariki. Mwajiri anayenunua programu iliyotengenezwa mbali anapaswa kuijaribu kwa wafanyakazi wake mwenyewe kabla ya kuitegemea.

Utambuzi wa sauti

Kompyuta hulinganisha sauti na sampuli iliyohifadhiwa. Njia hii huacha mikono huru. Lakini sauti hubadilika kwa mafua, kwa kukimbia na kwa woga, yaani katika hali zilezile ambamo kengele hulia. Upepo na mashine huzidisha tatizo, na sauti inaweza kurekodiwa au kuigwa kwa kompyuta.

Makosa ya aina mbili

Kila njia ya kupima maumbile ya mwili hukosea kwa namna mbili: kumkataa mwenyewe, au kumkubali asiye mwenyewe. Kukaza kipimo hupunguza kosa la pili na kuongeza la kwanza. Kukilegeza huleta kinyume chake.

Kwa mfano, tuseme kampuni ina wafanyakazi 60 na kila mmoja huthibitisha mara 5 kwa zamu. Hizo ni mara 300 kwa siku. Kifaa kikimkataa mwenyewe mara 2 katika kila 100, kutakuwa na kukataliwa mara 6 kila siku. Kila moja ikihesabiwa kuwa kengele, mhudumu atapokea kengele za uongo zaidi ya 2,000 kwa mwaka. Hatari yake ni mazoea: ile ya kweli inapofika, hudhaniwa kuwa ni kama zile za jana. Ndiyo sababu kipimo kikali huachiwa hatua ya kuzima kengele, na kuripoti usalama hutumia njia nyepesi.

Ishara ya kulazimishwa

Ulinzi mkuu dhidi ya mtu anayemlazimisha mfanyakazi kuzima kengele ni kumpa majibu mawili, yote yakionekana kuwa ya kweli. Namba ya kawaida huifunga kengele. Namba ya pili huonyesha kwenye kioo maneno yaleyale ya kufungwa, huku ikikiarifu kituo kwamba mtu yu mateka. Kwa mdomo hutumika sentensi ya kawaida ya kikazi, kama vile kumwomba mwenzake atafute faili jekundu.

Ili ishara hiyo ifanye kazi, mambo haya huzingatiwa:

- kifaa kisitoe mlio, mwanga au mtetemo ulio tofauti;
- mhudumu asimpigie tena mfanyakazi kuuliza kama kweli ana shida;
- namba ya pili isitofautiane na ya kwanza kwa tarakimu ya jirani tu, kwa kuwa kidole kikiteleza kitaleta kengele ya uongo;
- neno la siri lisiwe la ajabu kiasi cha kumshtua anayesikiliza;
- wafanyakazi wafanye mazoezi mara kwa mara, kwa kuwa namba isiyowahi kutumika husahaulika.

Vigezo vya uchaguzi

Kabla ya kuchagua, mwajiri hufanya tathmini ya hatari pamoja na wafanyakazi wenyewe. Maswali makuu ni haya:

- Je, hatari kubwa ni ajali au shambulio?
- Je, mikono ya mfanyakazi ni huru, safi na bila glavu?
- Je, kuna mtandao, na uthibitisho unaweza kufanyika ndani ya kifaa ukikosekana?
- Je, kifaa ni cha mtu mmoja au hupokezanwa kwa zamu?
- Nani anapokea kengele, na anaweza kufika baada ya dakika ngapi?
- Mtu mwenye ulemavu, asiyesoma au asiyeona vizuri atathibitishaje?
- Njia ya kwanza ikishindikana, ya pili ni ipi?

Mara nyingi jibu ni mchanganyiko. Muuguzi wa majumbani, ambaye hatari yake ni mtu aliye chumbani, anafaa kupewa kitufe cha siri, namba mbili na simu ya kuulizwa neno la siri. Fundi wa umeme juu ya nguzo anahitaji zaidi kifaa kinachohisi kuanguka. Kadi ya kuandikisha mwanzoni mwa zamu na jibu la sauti kwa redio vinatosha. Walinzi wanaopokezana kifaa kimoja lindoni wanahitaji uthibitisho imara wakati wa kubadilishana zamu. Mhudumu wa hoteli anahitaji kitufe kinachoonyesha chumba alichomo, na kengele yake huzimwa na msimamizi aliyefika pale na kumwona kwa macho, si kwa simu. Kuonana ana kwa ana ndiyo njia ya kuaminika kuliko zote pale inapowezekana.

Faragha na sheria

Alama za mwili zina tatizo moja ambalo namba haina: zikivuja haziwezi kubadilishwa. Kwa sababu hiyo sheria nyingi huzihesabu kuwa taarifa nyeti. Kanuni ya ulinzi wa taarifa ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, huzuia kuzitumia kumtambua mtu isipokuwa kwa sababu maalumu zilizotajwa. Katika jimbo la Illinois, Marekani, sheria ya mwaka 2008 inamtaka mwajiri apate idhini ya maandishi kabla ya kuzikusanya.

Mnamo Februari 2024 Kamishna wa Habari wa Uingereza aliiamuru kampuni moja inayoendesha vituo vya michezo iache kutumia nyuso na alama za vidole kuhesabu mahudhurio ya wafanyakazi zaidi ya 2,000. Alisema njia zisizoingilia faragha, kama vile kadi, zilikuwepo, na kwamba wafanyakazi hawakupewa nafasi halisi ya kukataa. Hoja hiyo inahusu pia kengele za usalama: mwajiri anapaswa kuweza kueleza kwa nini namba au kadi haitoshi.

Suala jingine ni ufuatiliaji. Kengele inayojua mahali alipo mtu inaweza kugeuzwa kuwa chombo cha kumhesabia dakika za chai. Wafanyakazi wakishuku hivyo hukizima kifaa, na ulinzi wote hupotea. Utaratibu mzuri huandika wazi nani anaona taarifa hizo, lini, na hufutwa baada ya muda gani. Inasaidia pia kuhifadhi alama za mwili ndani ya kifaa cha mhusika badala ya kuzikusanya mahali pamoja.

Afrika Mashariki

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zinampa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Kuhusu taarifa, Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Mwajiri anayekusanya alama za vidole kwa ajili ya kengele anapaswa kuzifuata.

Watu wengi wa eneo hili wamezoea namba ya siri kutokana na huduma za kutuma pesa kwa simu, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007. Nchini Tanzania alama za vidole zimezoeleka pia, kwa kuwa tangu 2019 laini za simu husajiliwa kwa alama hizo pamoja na kitambulisho cha taifa. Mazoea hayo hurahisisha mafunzo, lakini yana upande wa pili: anayetumia namba ileile ya pesa kwenye kengele, au anayemtajia mwenzake, amewapa wengine uwezo wa kuizima.

Pale ambapo simu ni za kawaida na mtandao ni wa kusuasua, mpango mdogo unaweza kufaa kuliko programu ya gharama: saa maalumu za kuripoti, kubipu kwa makubaliano, neno la siri, na mtu anayejulikana kwa jina ambaye ataondoka kwenda kumtazama mhusika asipojibu. Kifaa chochote hutegemea kuwepo kwa mtu huyo. Mlinzi ambaye kengele yake inaita kwenye simu ya msimamizi aliyelala hana kengele, hata kama alama zake za vidole zimesomwa sawasawa.

Tazama pia

- Alama za vidole
- Namba ya siri
- GPS
- Usalama na afya kazini
- Faragha